Dozi ya Mtu Mmoja

Alimjua kwa kishindo cha viatu kabla hajamwona. Miaka minne ya ndoa ilikuwa imemfundisha kuutambua mwendo ule: buti zito la chumba cha injini, na mguu wa kushoto ukiburuta kidogo kwa sababu ya goti lililowahi kugongwa na bomba. Moyo wake uliruka kwa furaha kabla akili haijamkumbusha kwamba siku hizi alipaswa kuogopa.

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, kando ya boya kubwa la kuokolea watu ishirini na watano, lile linalojazwa upepo meli inapozama. Lilikuwa limevimba tangu asubuhi na kumeza nusu ya karakana. Mkononi alishika brashi, na pembeni yake palikuwa na ndoo ya maji ya sabuni. Hiyo ndiyo kazi yake, kupaka sabuni kwenye kila mshono na kungoja. Povu likichemka mahali, hapo pana tundu. Mabaharia wa bandari ile walimwita Mkaguzi, kwa sababu boya lisilopita mikononi mwake halikupanda meli. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita na magoti yalimuuma, ila kazi aliipenda. Saa ile ya mchana wenzake walikuwa wamekwenda kula.

"Nani?" sauti iliuliza nyuma yake.

Miezi mitano hawajaonana, na neno la kwanza likawa hilo.

"Karibu, mume wangu," alisema, akijiinua polepole kwa kushika ukingo wa boya. "Umefika lini?"

"Nimekuuliza nani."

"Nani nini?"

"Nani aliyekuachia huo uchafu nikiwa baharini, halafu ukapata uso wa kunitumia ujumbe eti mimi nikapime."

Aligeuka akamtazama. Alikuwa amekonda mashavu. Macho yale aliyoyapenda, macho yaliyokuwa yakianza kucheka kabla mdomo haujafunguka, leo yalikuwa mekundu na hayakutulia usoni mwake. Yalishuka tumboni, yakaganda hapo, yakakwepa. Mlangoni nyuma yake alisimama mama mkwe, amekumbatia mfuko wa nailoni kana kwamba mtu angempora.

Wiki tatu zilizopita, kliniki ya wajawazito, nesi alikuwa amemwita chumba cha pembeni na kufunga mlango. Damu yake ilikuwa na kaswende. Virusi vya UKIMWI hakuwa navyo, kwa hilo alimshukuru Mungu pale pale kwenye kiti. Nesi alimweleza taratibu: ugonjwa unatibika, sindano tatu, moja kila wiki, lakini ukiachwa unaweza kumfikia mtoto tumboni na kumwua kabla hajazaliwa. Na mume naye lazima atibiwe, la sivyo akirudi kitandani ataurudisha. Yeye hakuwahi kumjua mwanamume mwingine tangu azaliwe. Jioni ile alisali hadi maneno yakamwishia, kisha akamwandikia mumewe ujumbe mfupi, bila tusi hata moja: ukifika bandari yoyote, nenda kapime damu, mimi nimeshaanza dawa. Mume hakujibu. Aliyejibu ni mama mkwe, aliyekuja siku ya nne, akamtolea nguo zake nje, akafunga chumba kwa kufuli. Tangu siku hiyo alikuwa akilala kwa kaka yake.

"Mwonyeshe cheti," mama mkwe alisema, akitoa karatasi mfukoni. "Hiki hapa. Daktari wa mabaharia ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mwanangu ni mzima."

"Mama, cheti hicho nakijua. Kinasema macho yanaona, masikio yanasikia na presha iko sawa. Hakisemi kingine."

"Haya, leo umekuwa daktari. Mimi nilidhani wewe ni fundi wa kuziba mipira."

"Ni fundi wa kuziba mipira, Mama. Ndiyo maana najua tundu linavyotafutwa."

Mume alisogea. Ile ndoo ya sabuni ilikuwa njiani, akaipiga teke, ikaruka na kumwagikia miguu ya mkewe.

"Unamjibu mama yangu?"

"Namheshimu mama yako. Nakujibu wewe. Sijalala na mtu."

"Muongo."

"Nitazame basi. Ulikuwa ukinitazama zamani unajua kila kitu. Nitazame useme tena."

Hakumtazama. Alimshika mkono juu kidogo ya kiwiko, kwa vidole vilivyozoea kufungua nati zilizoshika kutu, akauzungusha. Maumivu yalipanda hadi begani. Mkono huo huo, mwaka wa kwanza wa mapenzi yao, ulikuja karakana hii na koti la kuokolea lililopasuka, na mwenye mkono akasema, "Kagua na mimi, dada, huenda navuja mahali." Alicheka siku nzima kwa neno lile. Sasa mkono ule ulimsukuma, mgongo wake ukagonga boya, na boya likamrudisha mbele kama mpira, akaangukia magoti kwenye maji ya sabuni.

"Taja jina," mume alisema. "Jina moja tu. Nikamuue nirudi."

"Hakuna jina."

"Nilikuwa huko chini kwenye injini, joto la kuchemsha mayai, namwaza mke wangu. Kila siku namwaza. Kumbe wenzangu wananicheka."

"Mimi nilikuwa hapa nakuwaza wewe. Hata sasa, umenivunja mkono, bado nakuwaza wewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Juu ya meza palikuwa na kisu cha kukatia turubai. Akakichukua. Mama mkwe alisema, "Mwanangu, we mwanangu," kwa sauti ndogo ya mtu aliyewasha moto wa takataka akaona umeshika paa. Kwa muda wa pumzi moja mke alidhani kisu kinakuja kwake, akajikunja juu ya tumbo lake kwa mikono yote miwili, akasema moyoni, Bwana, mpokee mtoto kama huwezi kutupokea wote.

Kisu kilipita juu ya kichwa chake kikazama kwenye boya. Mume alikivuta chini kwa nguvu zake zote, mshono kwa mshono, na upepo uliofungwa humo ukatoka kwa mngurumo ulioangusha makopo ya gundi kwenye rafu. Alichomoa akachoma tena, na tena, akitweta, akilia bila kujua kwamba analia. Boya la watu ishirini na watano likalala sakafuni, limekunjamana.

Ng'ambo ya ukuta, kwenye banda la kuchomelea vyuma, kelele za mashine zilikatika ghafla. Huko ndiko alikofanya kazi kaka yake, jitu la mabega mapana ambalo bandari nzima ililiita Cheche. Aliingia na kofia ya kuchomelea bado imeinuliwa juu ya paji la uso, nyundo mkononi. Aliona dada yake magotini kwenye maji. Aliona kisu.

"Shemeji," alisema kwa upole uliotisha, "umerudi salama?"

Hakungoja jibu. Ngumi ya kwanza ilimpata mume kwenye taya, kisu kikaruka na kuteleza chini ya meza. Ya pili ilimpasua mdomo. Mume hakuwa mnyonge. Alimkumbatia Cheche kiunoni wakaanguka pamoja juu ya boya lililopasuka, wakabingirika kwenye sabuni na gundi, wakipigana viwiko na magoti. Meza ilipinduka. Mama mkwe alipiga yowe, akajaribu kumpiga Cheche mgongoni kwa mfuko wake wa nailoni, karatasi zikatawanyika. Cheche alimzidi nguvu shemeji yake, akampandia kifuani, goti moja likiminya koo, akainua nyundo.

"Kaka."

"Niache."

"Kaka, usimuue."

"Amekugusa ukiwa na mimba. Wametupa nguo zako nje kama za mbwa. Wamekuita malaya mbele ya majirani. Mimi nikae nimeshika tama?"

Dada alijiburuta kwa magoti hadi walipo, akaushika mpini wa nyundo kwa mkono wake mzima. Uso wa mumewe ulikuwa chini yake, damu imejaa meno. Alikuwa akijaribu kusema. Cheche alilegeza goti kidogo, apate kusikia tusi la mwisho.

"Mimi ni msafi," mume alikoroma. "Naapa kwa Mungu. Nilichoma sindano. Siku tatu kabla ya kuja nyumbani mara iliyopita, nilichoma sindano. Sote sita tulichoma. Muulizeni Serahangi."

Nyundo ilibaki hewani, imeshikwa na watu wawili.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza, naye aliuliza kwa sauti isiyo na nguvu hata kidogo. "Sindano ya nini, mwanangu?"

Mume alifumba macho. Hapo ndipo alipoisikia kauli yake mwenyewe.

"Mtu asiyelala nje," mkewe alisema polepole, "anachoma sindano ya nini?"

"Nilitaka nije kwako nikiwa msafi."

"Msafi wa uchafu gani?"

Cheche alimtoka kifuani, akakaa sakafuni, akatupa nyundo kando. Alicheka kicheko kikavu. "Amejikamata mwenyewe. Sijawahi kuona. Mwizi kajipigia yowe."

"Kaka, nyamaza," alisema, akamgeukia mumewe. "Sema yote. Ukibakiza moja, nainuka hapa na hutaniona."

Akasema, akiwa amelala chali, akitazama mabati. Meli yao ilikuwa ikikaa siku tano, siku sita katika bandari za mbali kungoja mzigo. Jioni ya kwanza alibaki melini, ya pili pia. Ya tatu Serahangi, yule mkuu wa mabaharia wa sitaha, alimshika bega akamwambia asijifanye padri. Kulikuwa na baa mbele ya geti. Kulikuwa na mwanamke.

"Mmoja?"

"Safari ile, mmoja. Mara tatu."

"Kondomu?"

Aligeuza uso pembeni.

"Nimekuuliza."

"Zilikuwepo. Kasha zima, melini, hata kujificha huna haja, unachota tu. Serahangi alisema mwenye sindano ya nyumbani zile za nini. Tunaiita hivyo. Sindano ya nyumbani. Meli ikibakiza siku tatu kufika, anatuchoma, wote waliotoka nje. Unaingia kwa mkeo umesafishwa damu."

"Na dawa anaitoa wapi?"

"Kabati la dawa la meli. Ufunguo anao afisa wa pili, na kila chupa inaandikwa daftarini, nani kapewa, ya ugonjwa gani. Ukiandikwa ugonjwa ule, unadhani safari ijayo wanakuita? Kwa hiyo Serahangi anachomoa moja tu, isionekane."

"Chupa moja."

"Moja."

"Kwa watu sita."

"Tunagawana sawasawa," alisema, na kwa namna alivyosema ilionekana kwamba aliona haki katika jambo lile. "Serahangi hapendelei mtu."

Mkewe alitazama boya lililochanika. Ubavuni liliandikwa kwa herufi kubwa idadi ya watu linaowabeba. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwaeleza wanaume watu wazima kwamba idadi ile si mapambo, kwamba ukipakia mara sita huokoi mtu, unawazamisha wote pamoja. Walimwitikia kwa kichwa, wakatia sahihi, wakapanda meli, wakaenda kuigawa dozi ya mtu mmoja mara sita.

"Mume wangu," alisema. "Ile haikuwa sindano. Mlichomwa maji ya kujifariji. Umenijia na ugonjwa wako mzima mzima, ukanikumbatia, ukaniambia hujawahi kutamani nyumbani hivyo."

"Nilikuwa sisemi uongo."

"Najua. Ndicho kinachoniua."

Kofi lililofuata halikutoka kwa Cheche. Mama mkwe alikuwa ameinama kuokota cheti kilicholowa sabuni; alikitazama, akakiachia, akamwendea mwanawe aliyekuwa akijiinua, akamzaba kofi hadi damu ya mdomo ikaruka. Akamzaba la pili.

"Nimemtolea nguo nje," alisema. "Mjamzito. Nimesimama uani, majirani wanasikia, nimemwita majina ambayo hata sijui nimeyatoa wapi. Kwa ajili yako. Umenipakaza mavi usoni nikiwa mtu mzima." Kisha akakaa juu ya lundo la makoti ya kuokolea, akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Mkwe wake hakwenda kumbembeleza. Siku nyingine angekwenda.

Alikuwa ameshika tumbo. Tangu alipoanguka, mtoto hakuwa amecheza.

"Kaka, niinue," alisema. "Kliniki inafungwa saa kumi. Na yeye anakuja."

"Huyu? Huyu nampeleka mochwari, si kliniki."

"Kaka."

Cheche alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, akatema mate pembeni. "Atatangulia mbele yangu. Akigeuka nyuma, namalizia."

*

Wajawazito waliokuwa kwenye mabenchi walisogea wenyewe walipowaona: mwanamke aliyelowa magoti, jitu lenye kofia ya kuchomelea, na mwanamume wa shati lenye damu. Nesi alikuwa yule yule. Alimwingiza mke kwanza, akamlaza, akaweka tumboni kipaza cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto, na sikio lake juu yake.

Alisikiliza upande wa kushoto. Akahamia kulia. Akarudi kushoto.

Mume alikuwa mlangoni, Cheche kamshika ukosi. Mke hakumtazama nesi, alimtazama mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, macho yao yalikutana na hakuna aliyekwepa. Aliona ndani ya macho yale hofu yenye ukubwa ule ule wa hofu yake. Alitaka kumchukia na akashindwa, akamwomba Mungu ampe walau nguvu ya kutomhurumia mapema.

"Huyu hapa," nesi alisema. "Amejificha nyuma. Moyo unapiga vizuri."

Mume aliteleza kwenye kizingiti, akakaa chini. Alilia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, mdomo wazi. Cheche aliuachia ukosi, akageuka ukutani kusoma tangazo la chanjo ambalo halikumhusu kabisa.

"Wewe ndiye mume?" nesi aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Nani kakupasua hivyo?"

"Shemeji."

"Ana haki, lakini asirudie hapa kwangu. Kaa kitini. Na wewe mama, huo mkono?"

Mke alitazama alama nne za vidole zilizokwisha kuwa nyeusi. "Huyo huyo unayemkalisha," alisema. Nesi aliandika, na kalamu yake ilikandamiza karatasi.

Kipimo kilitoka kwa dakika ishirini. Kaswende ilikuwepo. Virusi havikuonekana, na nesi akamwambia asianze kuruka ruka, arudi baada ya miezi mitatu kupimwa tena, na hadi matibabu ya wote wawili yaishe, kitanda ni cha kulalia. Kisha akavuta dawa kwenye sindano, na mume alipoiona ilivyojaa alishtuka.

"Yote hiyo ni yangu?"

"Ya mtu mmoja. Nusu kila tako. Ulitarajia ngapi?"

Aliinama juu ya kitanda, na dawa nzito ilipoingia aliuma mkono wake mwenyewe. Cheche, pale ukutani, alisema kwamba hiyo ndiyo sauti tamu aliyosikia tangu asubuhi.

"Na ile sindano ya melini?" nesi aliuliza akitupa sindano. "Ile mliyogawana. Mlikuwa sita, mkeo ameniambia. Wengine wana wake?"

"Wote."

"Basi wanawake watano wako nyumbani hawajui kitu. Mimi siwezi kuwafuata, sina majina. Wewe unayo."

Walitoka wakakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Meli ilikuwa imeingia kwenye matengenezo, mabaharia wote walikuwa wameteremshwa juzi, na kila mmoja alikuwa kwake. Mke alinyoosha kiganja. Mume alifikiri anataka kushikwa mkono, akautoa wake haraka.

"Simu," mke alisema.

"Mke wangu, hujui unachoomba. Nikisema, Serahangi ananimaliza. Kampuni itafanya uchunguzi wa kabati, wote watafukuzwa, na hakuna meli itakayomchukua aliyetoboa siri. Mimi ni mtu wa injini. Nchi kavu sijui kufanya kitu."

"Mimi sijakwambia upige kampuni. Nimekwambia upige kwa Serahangi."

"Atanitukana."

"Mimi nilitukanwa siku kumi na saba, na nilikuwa sina kosa. Piga. Weka sauti nje."

Akapiga. Serahangi alipokea kwa furaha, sauti nzito ya mtu aliyeshiba.

"Grisi, mdogo wangu. Umemkamata yule mwizi wa mkeo?"

"Mwizi ni mimi, Serahangi. Nimepima. Ninao. Ile sindano haifanyi kazi. Inabidi uende ukapime, na shemeji naye."

Serahangi alicheka. "Umelewa mchana."

"Sijalewa. Tuligawana chupa moja watu sita. Leo nimechomwa ya kwangu peke yangu, hata kukaa nakaa kwa shida."

"Sikiliza, kinyangarika," sauti ilibadilika. "Mimi nimewasafisha watu miaka kumi na miwili, hakuna aliyelalamika. Ukifungua mdomo tena, nakuapia, safari ijayo unakwenda chini na mnyororo wa nanga. Watasema uliteleza. Unanielewa?"

Mume aliangalia simu, akaangalia mkewe. Kidole kilikwenda kwenye kitufe cha kukatia. Mke hakumzuia. Alingoja tu, kwa uvumilivu ule wa kungoja povu kwenye mshono.

Kidole kikarudi.

"Serahangi, shemeji yuko karibu?"

"Unamtakia nini mke wangu?"

"Zile mimba zake mbili," mume alisema. "Zilizotoka. Nesi amesema huu ugonjwa huua mtoto tumboni. Mimi ninaye wa miezi sita, nimemkuta bado mzima kwa huruma ya Mungu tu. Siwezi kukaa kimya. Nipige, nitupe majini, lakini mpeleke shemeji hospitali."

Simu ilinyamaza muda mrefu hadi Cheche akainama kuangalia kama imekatika. Haikukatika. Kwa mbali walisikia vyombo vikioshwa, na sauti ya mwanamke ikiuliza, "Nani huyo, baba? Mbona umekaa chini?"

Serahangi aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Ya pili alikuwa wa kiume," alisema. "Tulishampa jina."

Akakata.

Mume alifuta uso kwa shati lenye damu, akajichafua zaidi. "Nyumbani," alianza, "Mama atafungua chumba. Nitakupikia mwenyewe, nitalala sakafuni. Utarudi?"

Mke alimpenda, hilo halikuwa na dawa, wala hakuliombea dawa.

"Ugonjwa naweza kukusamehe," alisema. "Njiani hapa nilishaanza. Huu mkono bado." Alionyesha alama nne. "Umenishika hivi kabla hujaniuliza swali la pili. Nitakaa kwa kaka. Sindano yako nyingine ni Jumanne ijayo saa tatu, na mimi nitakuja kumsikilizisha mtoto. Utanikuta kwenye benchi hili. Tutaanzia hapo, kama itakuwepo ya kuanzia."

"Jumanne," alisema.

"Jumanne."

Mume alitaka kurudisha simu mfukoni. Mkewe aliushika mkono wake, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akauzuia hapo hapo juu ya goti.

"Bado wanne," alisema. "Piga."